Masweta Yaliyoota Mpunga Siku ya Kikao

Deo na Filbert,

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima kwa sababu ya masweta manne. Nawaandikia jioni hii hii kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana kwenye lori tulilorudi nalo alikuwemo utingo anayewajua, na alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Basi isikieni kwangu mwenye masweta.

Filbert, wewe hukuwahi kufika kwetu, kwa hiyo nianze mbali kidogo. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikaanza kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na ndiko nilikokutana na ninyi. Mwaka jana, mwezi kama huu, mama naye akatuacha. Hapa Viwanja Sitini tumebaki wanne. Mimi mkubwa, miaka ishirini na mbili. Ananifuata Gaudensia, kumi na minne. Halafu Skola, kumi. Halafu Otmari, ambaye ana sita lakini akiulizwa anasema saba.

Kwetu msiba ukitimiza mwaka, ukoo unakaa. Watu wanasali, wanakula, kisha wazee wanapanga mambo yaliyobaki. Kwetu kilichobaki ni watoto. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, anayeishi Kisawasawa, alishaniletea habari mapema ili nisishtuke. Gaudensia aende Morogoro kwa binti yake, akamsaidie kulea mtoto. Skola aende na Shangazi Tekla kule Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Otmari abaki kwake Kisawasawa. Na mimi, alisema, nitakuwa huru kutafuta maisha.

(Kana kwamba yamepotea. Maisha yangu nayajua yalipo. Yako nyumbani, ni matatu, na yanagombania ukoko.)

Nilijua nitapewa nafasi ya kusema, na nilikuwa na neno moja tu: waacheni kwangu. Lakini nilijua pia kwamba wazee hawamsikilizi sana kijana asiye na mke. Wanamwangalia. Nikajiuliza, waangalie nini? Nyumba yetu hawataiona, iko Ifakara. Sufuria zangu hawataziona. Watakachoona ni watoto watatu wanaingia uani, na watoto watakuwa wamevaa. Nguo ndizo zitakazosema.

Na kwa kuwa Shangazi Tekla anatoka kwenye baridi, na Kisawasawa iko chini ya milima ambako mwezi huu asubuhi mtu anatetemeka, nikaamua nguo zenyewe ziwe masweta na fulana za mikono mirefu. Shangazi aone kwamba ninajua hata baridi ni nini.

Jumamosi nikaenda sokoni kwenye mitumba. Yule Shabani anayemwaga nguo kwenye turubai alikuwa amefungua belo jipya, na humo kulikuwa na masweta ambayo sijawahi kuyashika. Si yale ya kufuma ya wanafunzi. Haya ni ya kitambaa kizito cha pamba, hayana vifungo, unaingiza kichwa tu, mikononi na kiunoni yanabana. Upande mmoja ni wa kawaida, umechujuka, una michoro iliyobanduka. Upande wa pili ni manyoya. Laini, meupe au ya rangi iliyopoa, kama blanketi la mtoto mchanga. Nilipitisha mkono, nikapitisha shavu. Nikabaki nimelala na shavu pale mpaka mama mmoja akaniambia, "Kijana, ukimaliza kusinzia nipishe nichague."

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo nilipojiponza. Lundo lile lilikuwa limepinduliwapinduliwa. Watu walikuwa wanajaribu, wanavua, wanatupa. Nusu yalikuwa na manyoya nje, nusu manyoya ndani. Nikamuuliza Shabani, "Hili nje yake ni ipi?"

"Kaka, mimi nauza nguo. Nje na ndani utajipangia mwenyewe."

Basi nikatumia akili. Nikasema moyoni, Mzungu hawezi kuchukua uzuri wote huu akauficha ndani, mahali ambapo hakuna mtu atakayeuona. Mtu akinunua kitanda kizuri hakiweki juu ya dari. Upande uliochujuka ndio wa ndani, umechujuka kwa jasho. Upande wa manyoya ndio wa nje, kwa hiyo bado mpya.

(Naomba mkiri kwamba mkisoma haraka haraka, wazo hilo linaingia akilini.)

Nikachagua kwa makini siku hiyo kuliko siku yoyote. Gaudensia nikamchukulia la rangi ya damu ya mzee, na ndani yake fulana nyeupe ya mikono mirefu, kwa sababu sasa ni msichana na nyeupe inamtuliza uso. Skola kijani, ndani fulana ya njano, kwa sababu Skola ukimvalisha rangi mbili zilizopoa anapoa na yeye. Otmari bluu, ndani fulana ya mistari. Mimi la kijivu, la mtu mzima. Hilo langu lilikuwa na picha kwenye upande niliouita wa ndani. Nikaiona, nikasema, bahati nzuri inaingia ndani.

Nikayapeleka kwa fundi cherehani, maana upande wa manyoya mishono ilikuwa wazi, nyuzi zinaning'inia. Nikataka azifunike kwa utepe.

Fundi akaniangalia juu ya miwani. "Nifunike mshono huu wa nje?"

"Ndiyo."

"Huu wa nje?"

"Fundi, huo huo wa nje."

"Haya. Mteja ni wewe."

Nampenda yule mzee, lakini angeniuliza mara ya tatu leo nisingekuwa na barua ya kuwaandikia.

Nyumbani nikakata zile lebo za shingoni, zilikuwa zinachungulia nje kama ulimi. Nikafua, nikaanika, nikapiga pasi ya mkaa. Pasi ikayalaza manyoya. Sikukubali. Nikachukua chanuo, nikayachana masweta yote manne mpaka manyoya yakasimama. Gaudensia alikuwa anachambua mchele, akawa ananitazama.

"Kaka, hizi nguo hazijageuzwa?"

"Zimegeuzwa zikawa sawa."

"Mbona zinaniwasha tumboni? Kuna kitu kigumu kimebandikwa."

"Huo ni uzito. Nguo nzuri ina uzito."

Akanyamaza. Gaudensia akinyamaza ujue anaweka akiba.

Leo alfajiri nikawavalisha. Nikawapanga uani kwa urefu. Kola ya fulana itokeze juu ya sweta. Mkono wa fulana utokeze upana wa kidole kimoja, usizidi, usipungue. Nikapita mbele yao, nikapita nyuma. Deo, walipendeza. Walikuwa kama vifaranga wa siku ya kwanza. Nilisimama pale nikamkumbuka mama, nikasema laiti angewaona. Jirani yetu Mama Adelina akachungulia juu ya ua, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Wana joto, hata hivyo." Nikamshukuru.

Usafiri tuliopata ni lori lililobeba pumba za mpunga. Mnazijua pumba, mmezibeba miaka mitatu. Magunia yalikuwa yametoboka, na lori likikimbia pumba zinapanda juu zinatua. Zinatua wapi? Mimi sikuangalia. Nilikuwa mbele nimeshika ndoo ya mchele wa mchango na mkono wa pili nimemshika Otmari asiruke. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa anarudi kwenye ng'ombe zake. Akanyoosha mkono, akambinya Otmari begani, taratibu, kama mtu anayenunua.

"Ng'wanawane," aliniambia, ndiyo kwao mwanangu, "hii ni ngozi ya mnyama gani?"

"Ni sweta, mzee."

"Nilidhani unawapeleka mnadani."

Nikacheka kwa heshima. Nikajisemea, huyu hajazoea vitu vya mjini.

Tuliposhuka barabarani nikaona jua limepanda na kikao kitaanza bila sisi. Nikaamua tukate njia ya mkato, ile inayopita kwenye mashamba yaliyovunwa. Mimi mbele na ndoo kichwani, wao nyuma mstari mmoja. Majani yalikuwa marefu, yananifika kifuani, wadogo yanawafika kichwani. Tukapita mahali ambapo watu walikuwa wanapiga mpunga, upepo unapeperusha makapi. Nikawasalimia, wakaitika, wakatutazama tukipita, na mmoja akaacha kupiga kabisa. Nikaona wanavutiwa.

Kilomita moja baadaye Gaudensia akaniita kwa sauti ya upole sana.

"Kaka. Tumeota."

Nikageuka.

Jamani, sikuwaona wadogo zangu. Niliona vichuguu vitatu vyenye macho. Pumba chini, makapi juu ya pumba, na juu ya makapi zile mbegu nyembamba nyeusi za kishona nguo, mamia, zimesimama wima kama nywele za mtu aliyeogopa. Manyoya niliyoyachana kwa chanuo yalikuwa yameshika kila kitu kilichoko bonde lote la Kilombero. Otmari alikuwa na punje nzima nzima za mpunga mgongoni, na unyoya wa kuku. Nikajitazama kifuani. Na mimi nimeota.

Nikajaribu kumpangusa Skola kwa kiganja. Mbegu zikazama zaidi. Nikajaribu kwa majani, yakanasa majani.

"Tuvue?" Skola akauliza.

Nikafikiri. Tukivua tutaingia na fulana tu, wazee wanatetemeka kwa baridi na sisi tumebeba masweta mkononi. Hapana. Nikawaambia, "Tembeeni kama hakuna kitu." Hilo ndilo agizo langu kama mkuu wa kaya. Liandikeni mahali.

Uani kwa baba mkubwa walikuwa wameshakaa. Wanaume kwenye benchi, wanawake kwenye mikeka, Shangazi Tekla katikati yao na kitenge chake kizito. Mlangoni kabisa alikaa Mzee Lipangile, mtani wa ukoo wetu. Filbert, sijui kwenu mtani anafanyaje, lakini kwetu kazi yake msibani ni kumtania kila mtu, mfiwa mpaka marehemu, na ni mwiko kumkasirikia. Alituona akasimama, akavua kofia.

"Wazee," akasema, "nyamazeni kidogo. Mbegu za mwakani zimefika."

Tukapita tukiamkia. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kila tuliyemshika mkono alibaki na kitu mkononi. Tukakaa. Mimi nikakaa wima, watoto nikawaweka mbele yangu, na nikaomba Mungu watu wazoee haraka.

Tukasali. Kisha baba mkubwa akaeleza mpango wake, kwa utaratibu, bila ubaya wowote. Si mtu mbaya. Alisema ameniona nikihangaika, na kwamba hakuna aibu kwa kijana kupumzishwa. Akanipa nafasi.

Nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyakariri wiki nzima nikibeba magunia. "Wazazi wangu, nashukuru. Nimekaa na wadogo zangu mwaka mzima. Hawajalala njaa. Wanaenda shule. Wanakula."

Hapo kwenye wanakula, jogoo wa baba mkubwa akaja mbio kutoka nyuma ya jiko, akasimama nyuma ya Otmari, akadonoa punje mgongoni mwake. Otmari akajikunyata, hakusema kitu, maana nilimwambia asiseme. Matetea mawili yakamfuata jogoo. Tetea moja likaleta vifaranga vyake.

"Naam," akasema Mzee Lipangile, "wanakula na wanalisha."

Uani pakaanza kutikisika. Wanawake walikuwa wameziba midomo kwa khanga. Nikaendelea kusema, lakini sijui nilisema nini, kwa sababu mkono mmoja nilikuwa nafukuza kuku. Kila nikimfukuza mmoja, mwingine anakuja upande wa Skola. Skola akaanza kucheka, Gaudensia akamfinya, akacheka yeye.

Shangazi Tekla akamwita Skola. Akamsimamisha mbele yake, akashika upindo wa sweta, akaufunua, akatazama upande wa pili. Akafunua na shingoni, akaona utepe wa fundi juu ya mshono.

"Nani amewavalisha?"

"Mimi, shangazi."

"Na utepe huu?"

"Nilipeleka kwa fundi."

Akaniinulia ule upindo. "Kasiani, mwanangu. Sweta hili mimi nalijua, kule Mufindi tunalivaa kila asubuhi. Manyoya yanakaa ndani. Ndiyo yanayopasha mwili. Umewageuza watoto ndani nje."

Na mimi badala ya kunyamaza, nikajitetea. Nikasema, "Shangazi, niliona Mzungu hawezi kuficha uzuri ndani."

Hapo ukoo ulikufa. Mzee Lipangile alitoka kwenye kiti, akakaa chini kabisa. Kuna bibi mmoja upande wa wanawake alipigwa mgongoni apate pumzi. Walikuwa wakinyamaza, mmoja anarudia, "hawezi kuficha uzuri ndani," wanaanza upya. Nilisimama katikati yao nimejaa mbegu, na sikuwa na mahali pa kuweka mikono.

Wote walicheka isipokuwa baba mkubwa. Alingoja wamalize.

"Tumecheka," akasema. "Sasa nauliza. Mtu ambaye hajui nguo ina upande gani, atajuaje binti wa miaka kumi na minne anahitaji nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali ningejibu. Hata Mzee Lipangile aliinuka, akarudi kwenye kiti. Nilitazama chini, na nikawa naona vizuri kabisa Gaudensia anapanda basi la Morogoro, na Skola amelala kitandani Mufindi, na Otmari anaulizwa miaka yake na mtu ambaye hajui kwamba anadanganya. Nikakaa.

Shangazi ndiye aliyesogea. "Tuwatoe kwanza hizi mbegu," akasema. "Tutaongea mikono ikifanya kazi."

Wanawake wakawavua watoto masweta, kila mmoja akachukua lake mapajani, wakaanza kuchomoa moja moja. Baba mkubwa akaninyooshea kidole. "Na wewe geuza." Nikageuza langu, nikalivaa upya. Deo, ile picha. Ni paka. Paka mdogo mweupe ndani ya kikapu, amefungwa utepe wa waridi shingoni, na macho yake ni makubwa kuliko kichwa.

Mzee Lipangile akalitazama kwa muda mrefu. "Haya," akasema, "sasa naanza kumwona mwenye nyumba."

Otmari alikuwa amebaki na fulana yake ya mistari, anaona baridi. Shangazi akamvuta katikati ya magoti yake amkumbatie, na alipomshika mkono akahisi kitu kwenye fulana. Akaukunjua ule mkono. Ndani, kwenye kiwiko kwenda chini, kulikuwa na mikunjo mitatu iliyoshonwa kwa mkono, mmoja kwa uzi mweupe, mmoja mweusi, mmoja mwekundu.

"Hii nini? Fulana ilikuwa kubwa?"

Nilifungua mdomo nijibu, Otmari akaniwahi. Anaipenda sana ile mikunjo.

"Huu mweupe wa darasa la kwanza," akasema. "Nikianza shule mkono utakuwa umekua, kaka ataufumua. Huu mweusi wa darasa la pili. Huu mwekundu wa la tatu."

"Na wa la nne?"

"Uzi uliisha."

Shangazi akamwita Skola, akamkunjua na yeye. Mitatu. Akamtazama Gaudensia, Gaudensia akasema wa kwake ni mmoja tu kwa sababu ameshakaribia kumaliza kurefuka, na ameushona mwenyewe. Halafu akabaki amesimama. Akatazama ardhi, kama anavyotakiwa msichana mbele ya wazee, lakini akasema.

"Baba mkubwa, umeuliza swali. Kuna mambo yangu ambayo kaka hayajui. Akiona hayajui, ananipeleka kwa Mama Adelina jirani. Yeye anakaa nje kwenye baraza, ananisubiri mpaka tumalize. Siku moja alisubiri akanyeshewa."

Hili mimi sikulijua kwamba linafaa kusemwa kwenye kikao. Niliona aibu zaidi kuliko ya masweta. Nikamtazama paka wangu kifuani.

Baba mkubwa alinyoosha mkono, Shangazi akamsogezea Otmari. Akaushika ule mkono wa fulana, akausogeza karibu na macho, akahesabu mishono kwa kidole. Mishono yangu haijanyooka, nakiri. Pale kwenye uzi mwekundu nilikuwa nasinzia.

"Tekla," akasema, "wewe ulikuja kumchukua Skola."

"Nilishatandika na kitanda," akasema Shangazi. Aliendelea kuchomoa mbegu kwenye sweta la kijani. Alichomoa tatu, nne. "Lakini huyu ameshawashonea miaka mitatu mbele. Mimi nikimchukua, itabidi nifumue. Sitaki kufumua."

"Wazee, nami niseme," akaingia Mzee Lipangile. "Mimi nilisema tangu mlangoni hizi ni mbegu. Mnataka kuzigawa kila mmoja kiganja chake. Zipandwe mahali pamoja."

"Kaa chini, mtani," akasema baba mkubwa, lakini nilimwona. Alikuwa anacheka hatimaye, kwa mabega tu.

Akanigeukia. Alinitazama usoni, halafu akamtazama paka, halafu akajilazimisha kunitazama usoni tena.

"Wakae kwako," akasema. "Mwakani mwezi kama huu nataka kuwaona hapa wote, mikono imeongezeka, na mkunjo mmoja mmoja umefumuliwa. Ukikwama njiani, usikae barazani unanyeshewa. Njoo useme."

Nilitaka kushukuru kwa maneno mazuri. Nilisema "ndiyo, baba" mara nne, nikapiga chafya, na pumba zikatoka.

Tulikula wali na kuku. (Yule jogoo. Sikumsikitikia.) Wanawake walimaliza masweta yote matatu, wakayageuza, wakawavalisha watoto manyoya yakiwa ndani. Otmari akajishika tumbo, akasema kwa mshangao, "Kaka, kumbe lina joto." Kutoka alfajiri mpaka saa nane mtoto hakuwa amepata joto la sweta langu, na hakunilalamikia hata mara moja.

Tulipoaga, Shangazi Tekla alitusindikiza mpaka barabarani. Hatukupita njia ya mkato. Lori lilipokuja akanishika mkono, hakuniita Kasiani.

"Haya, Baba Otmari," akasema. "Wafikishe salama."

Otmari alikuwa ameshapandishwa juu. Akainama akamsahihisha, kwa heshima lakini kwa msimamo. "Shangazi, huyu siyo baba. Huyu kaka." Akafikiri kidogo. "Lakini unaweza kumwita hivyo. Mimi nina miaka saba."

Kwa hiyo ndugu zangu, wamenicheka wazee, wamenicheka akina mama, amenicheka mtani, utingo, na kuku kwa namna yao. Mmebaki ninyi wawili tu. Chekeni upesi mmalize, nina watoto watatu wa kuogesha.

Wenu,
Kasiani